Mama Kabati na Ubatizo wa Mchinjaji

Mama Kabati alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la kujalidi vitabu, mwaka ule mto ulipofurika hadi vizingitini. Baba yake alipaka gundi, mama yake alishona kurasa, naye binti akajifunza kusoma humo humo, sindano mkononi. Akaolewa, akafiwa na mumewe mapema, na kwa miezi mingi hakuweza kusali. Kilichomrudisha ni hadithi iliyoletwa dukani imechanika mgongo: mwashi aliyesimama kwenye ufa wa ukuta kuzuia mafuriko, akafia pale pale, mji ukapona. Akaiona Ijumaa Kuu yote humo. Ndipo akaliomba kabati bovu la sakristia, chumba cha mavazi ya padri kanisani, akalitengeneza, akaanza kuwaazima waumini vitabu.

Desturi yake ilikuwa moja. Hakumpa mtu kitabu kimoja. Aliyeuliza habari za ukombozi alipewa maelezo ya Kanuni ya Imani pamoja na hadithi ya mwashi, vimefungwa kwa uzi. Aliyesumbuliwa na Utatu alipewa mafundisho ya mababa wa Kanisa pamoja na ngano ya nyumba yenye taa tatu na mwanga mmoja. Alisema akili na moyo vyote vina njaa. Enzi hizo, misa ikiisha, watu hawakukimbilia nyumbani. Walisimama kwenye kabati lile wakibishana hadi mtunza kanisa achoke kutikisa funguo.

Jaribu lilikuja kwa mchinjaji wa mtaa, mtu wa haraka, aliyekuwa akijiandaa kubatizwa.

“Mama, mimi nauza nyama,” alimtania. “Usinipe mifupa.”

Mama Kabati akacheka, akafungua uzi, akampa hadithi ya mwashi peke yake, bila Kanuni ya Imani. Siku ya maswali ya ubatizo padri alimuuliza mchinjaji mbele ya wote ni nani aliyekufa ili tuokoke. Akajibu, “Mwashi.” Watu wakaangua kicheko. Padri hakucheka, alisema huyu ameamini ngano, asubiri mwaka mwingine. Mchinjaji akatoka akiapa kwamba hatakanyaga tena kanisani.

Mama Kabati alimfuata padri ofisini.

“Baba, nilimpa mtu nusu, kosa ni langu. Chukua ufunguo wa kabati, uniachie nimfundishe, abatizwe pamoja na wenzake.”

“Likifungwa, halifunguliwi tena.”

“Lifungwe.”

Kila jioni alikaa kwenye kigoda buchani akimsomea Kanuni ya Imani, huku mchinjaji akifuta visu. Mchinjaji alipotaka kuacha, mama alimwambia, “Mwanangu, aliyechekwa ni mwalimu. Wewe endelea.” Akabatizwa pamoja na wenzake. Kabati likabaki limefungwa miaka mingi, na mama yule hakunung’unika, ingawa wengi walimwona akilifuta vumbi.

Alipokuwa kitandani akikaribia kufa, padri, sasa mwenye mvi, alimletea ufunguo. Hakuupokea. Alisema apewe mchinjaji. Wazee wanasimulia kwamba mlango wa kabati uliovimba kwa unyevu ulimfungukia mchinjaji kwa kidole kimoja, na kurasa zilikuwa kavu. Hadi leo yeye ndiye anayeazimisha, mikono ikiwa imeoshwa hadi viwikoni.

Atakayependa kumfuata mama huyu, ashike hili: tukikosea katika kufundisha, gharama tuilipe sisi, asilipe mwanafunzi.