Siku Niliyoombewa Mtoto

Niliwekewa kijiti cha kupanga uzazi mkononi miezi mitatu baada ya kuolewa, nikiwa na miaka ishirini na sita. Tuliamua pamoja, mimi na mume wangu. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, ghorofa ya tano, maji tukiyapandisha kwa mitungi. Yeye alichomelea vyuma; leo ana kazi, kesho hana. Mimi nilikuwa kibarua katika kiwanda cha plastiki upande wa Baba Dogo. Kila asubuhi tulisimama langoni, supavaiza akituchagua kwa kidole. Ukianza kuonekana tumbo, kidole kilikuruka. Nilishuhudia kikimruka mwanamke tuliyetumia naye mashine moja, wiki mbili mfululizo, hadi akaacha kuja.

"Tungoje mmoja wetu aandikwe kazi ya kudumu," mume wangu alisema.

Tukangoja. Mwaka wa nne mama yake akaja kututembelea kutoka Bungoma, na kuku wawili na unga wa wimbi. Alinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Jumapili akasema twende kanisa moja la mtaa wa Lucky Summer, na mimi nikadhani ni ibada tu kama nyingine.

Katikati ya ibada mchungaji aliwaita mbele wanawake ambao Mungu hajawapa mtoto. Mama mkwe akanisukuma mgongoni, taratibu, kwa upendo hasa. Ningefanya nini mbele ya watu wote wale? Nilipiga magoti. Nilipakwa mafuta kwenye paji la uso huku kanisa zima limeninyooshea mikono. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata kuketi.

"Ulimwambia mama mimi ni tasa?"

"Sikusema hivyo. Aliuliza, nikanyamaza."

"Miaka minne unanyamaza?"

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mwanawe hawezi kulisha mtoto?"

Mama yake alikuwa papo hapo kitandani, anavua viatu. Chumba kimoja hakina pa kuficha maneno. Nilipandisha mkono wa blauzi, nikachukua vidole vyake nikaviweka juu ya ngozi.

"Gusa hapa, Mama. Hiki ndicho kinachozuia. Tulikubaliana, mimi na yeye."

Alipapasa, akaondoa mkono haraka kana kwamba ameungua.

"Mimi nilizaa saba, mwanangu. Na baba yao hakuwa na kazi."

"Mlikuwa na shamba, Mama. Mlikuwa na ng'ombe wa maziwa. Mimi hapa hata sukumawiki nanunua."

Alimgeukia mwanawe. "Na wewe ukamwacha apakwe mafuta?"

Mume wangu alitoka, akashuka ngazi. Kesho yake mama yake alirudi kwao. Mimi aliniaga. Yeye hakumuaga.

Mwaka uliofuata kiwanda kilifunga sehemu yetu, tukaachishwa sote, waliozaa na sisi tuliojinyima. Yule supavaiza alisimama palepale langoni akisema pole, pole. Nilitamani kumtemea mate. Sasa nauza nguo za watoto za mitumba, nazikunja kila siku, na wateja huniuliza wangu wana umri gani.

Muda si mrefu baada ya kiwanda kutuachisha, mume wangu aliandikwa kazi ya kudumu na mjenzi mmoja wa mtaa wa Komarock. Alirudi na furaha: "Sasa tunaweza kukitoa kijiti." Alitaja mambo yote mazuri. Habari ya kanisani hakuigusa, wala hajaigusa hadi leo.

Muda wa kijiti ulipoisha nilikwenda kliniki peke yangu. Nesi aliuliza kama atoe tu ama aweke kingine.

"Una thelathini na moja, mama. Fikiria vizuri."

Nilimwambia nimefikiria. Akaniwekea kingine.

Jioni hiyo mume wangu, akiamini kimetolewa, alizungumza kuhusu majina ya watoto, lipi la upande wao, lipi la upande wetu. Nilimpakulia ugali, nikamsikiliza mpaka akamaliza.