Mafunzo Yaliyoishia Njiani Ole

Siku yangu ya kwanza kazini nilikimbiwa. Nilitumwa sokoni nikajitambulishe kwa wafanyabiashara wadogo, na mama mmoja muuza maandazi aliponiona na kitambulisho cha baraza la mji shingoni, alifunika beseni lake, akajitwika, akenda zake. Alidhani nimekuja kudai ushuru. Nilirudi ofisini uso umenishuka. Mkuu wa Kitengo, mzee mtaratibu asiyepandisha sauti, akaniuliza nimezungumza na wangapi.

"Hata mmoja, Mzee."

"Basi la kwanza umeshajifunza. Watu wanatujua kwa kuchukua. Wewe, Bi Raya, kazi yako kutoa, na hutoi pesa. Mtu akiondoka mbele yako mikono mitupu, lakini kajua kwamba anauza kwa hasara, hiyo ndiyo kazi."

Kitengo chetu kilikuwa cha ushauri na mafunzo kwa biashara ndogondogo. Baraza lenyewe sitalitaja, maana waliokuwamo wengi wangali hai na si watu wabaya. Tuliishi kwa kasma, yaani fungu la bajeti lililotengwa kwa shughuli moja tu. Kasma ikijaa, tunatoka kwenda kufundisha. Ikipungua, tunakaa ofisini kuangaliana.

Ushauri wenyewe ulianza na maswali. Unga umenunua vipi? Mafuta je? Kuni? Na jasho lako umelitia bei gani? Hapo wengi walikwama, maana hawakuwa wamepata kujilipa hata siku moja. Wengine walikuwa wanakula mtaji bila kujua: jioni anachota kwenye mauzo kununua mboga, asubuhi hana cha kununulia unga. Niliipenda kazi ile. Kumwona mtu mzima akigundua jambo kuhusu maisha yake mwenyewe ni raha ambayo siwezi kuwaelezea.

Baada ya miaka nikahamishiwa mafunzo ya mashamba, yaani vijijini, nikapewa kijiji cha Ole. Nilikuwa napanda gari mpaka njia panda, kisha naingia ndani kwa miguu, kwenye mihogo na mikarafuu. Huko nikakutana na Bi Mize, mjane aliyeongoza kikundi cha kina mama waliokuwa wakitwanga makopa, muhogo mkavu, na kuuza unga barabarani kwa kisahani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya juu, na haachi neno likapita bila kulihoji.

"Mwalimu," aliniuliza siku ya mwanzo, "siye tushazoea kuanika mkekani. Kuna ubaya gani?"

Nikamwonesha mchanga ndani ya unga. Akaulamba, akatema, akacheka sana. Wiki iliyofuata nilikuta wameshaunda vichanja, wanaanika juu, mbali na kuku.

Mafunzo yalikwenda kwa hatua: usafi, upangaji bei, ufungashaji, na mwisho ukaguzi wa ubora. Bila alama ya ubora, maduka ya mjini yasingepokea unga wao. Na ili kikundi kifike kwenye ukaguzi, sharti la baraza lilikuwa kiwe na banda la kudumu, lenye sakafu ya saruji na dari. Gharama ya wakaguzi ingebebwa na kasma yetu.

Banda lilitaka pesa ambazo kina mama wale hawakuwa nazo. Bi Mize akaweka rehani mikarafuu aliyorithi kwa baba yake. Nawaeleza msiojua: mwenye kukukopesha huishika mikarafuu na kuchuma karafuu zake kila msimu, mpaka umrudishie chake. Nilimwambia asubiri, pengine wangepata njia nyengine.

"Nisubiri nini, Mwalimu? Unga ukiingia madukani naikomboa. Hesabu si umetufunza mwenyewe?"

Hesabu zake zilikuwa sawa. Nilizipitia naye mstari kwa mstari, na hazikuwa na kosa.

Banda likasimama, jeupe, zuri. Mwezi haukwisha, Mkurugenzi wa baraza akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa haki, na siku ile hakunitazama usoni.

"Bi Raya, mapato yamekuwa madogo. Kikao kimeamua kasma ya mafunzo ifungwe. Pesa zilizobaki zinakwenda kwenye taka na mitaro."

"Mheshimiwa, kikundi cha Ole kimebakiwa na ukaguzi tu."

"Najua."

"Kuna mtu kaweka rehani mikarafuu yake kwa sharti letu sisi."

Akazungusha kalamu mezani. "Nikiwamalizia Ole, wa kwengine nitawajibu nini? Na wao wanangoja."

Nilikwenda Ole mwenyewe kuwaambia. Kina mama walinisikiliza, kisha wakainuka mmoja mmoja. Niliendelea kwenda kwa nauli yangu, nikawafundisha nilichoweza, lakini alama ya ubora haitolewi na mimi. Maduka yakakataa unga. Kikundi kikarudi barabarani na visahani, kisha kikavunjika.

Msimu wa karafuu ulipofika nilipita kumjulia hali Bi Mize. Nilimkuta chini ya mikarafuu yake mwenyewe, kakaa mkekani pamoja na vibarua wa yule mkopeshaji, anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kwa ujira wa kila pishi anayoijaza. Hakuacha kuchambua.

"Karibu, Mwalimu. Umenikuta kwangu," akasema. Vibarua wakainamisha vichwa.

Kitengo kilifungwa. Mimi nikapelekwa dirisha la leseni, kugonga mihuri, na hapo ndipo nilipostaafia. Siku ya kuniaga walinipa kanga na saa ya ukutani, wakanisifu kwa utumishi mrefu. Nilirudi nyumbani Madungu na saa ile mapajani.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, nawaambia: msimfungulie mtu mlango ambao ofisi yenu haina hakika ya kuushika mpaka apite. Fundisheni, lakini kwanza ulizeni kasma inakwisha lini.

Mwaka huu nilikwenda tena Ole. Bi Mize amezeeka, macho yamepungua nguvu. Banda limekodishwa, limejaa mbao za mtu. Tulikaa barazani, akanipa chai, tukazungumza habari za wajukuu. Nikakusanya ujasiri, nikamwuliza kama kuna vitu katika mafunzo yetu vilivyomfaa.

"Vipo," akasema. "Zile hesabu n'ngali n'nazo, Mwalimu, sijasahau hata moja. N'lipiga juzi tena, nikaona ikiwa natia akiba hivi ninavyotia, mikarafuu ya baba itarudi mimi n'shakufa."

Akanimiminia chai nyengine.