Injini Aliyoifunga Absalom

Mimi Subira sina roho ya kusahau. Ukiniudhi leo, mwakani bado nitakuonyesha ulipokuwa umesimama. Lakini mbele ya Milka Adero nilikuwa mwanafunzi tu.

Milka aliniuzia samaki pale ufuo wa Dunga, nami nikiwakaanga mtaani kwetu Obunga. Mumewe alipofariki alimwachia boti ya kubeba abiria na omena, dagaa wa ziwani, kutoka ng'ambo ya ghuba. Injini yake ilikuwa kuukuu, ya silinda moja, iliyotolewa kwenye posho mill, mashine ya kusaga unga. Mwaka wa themanini na tisa shemeji yake Absalom, ndugu mdogo wa marehemu, aliifungua yote na kuifunga upya, akajipiga kifua ufuo mzima kwamba sasa ni mpya.

Absalom alitaka zaidi ya kazi. Kwa desturi ya Wajaluo, mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi, mpaka ndugu wa mume amrithi kama mke; kabla ya hapo wengi humkwepa kama mwenye mkosi. Absalom alitaka kumrithi Milka. Milka akamwambia hapana, tena mbele ya mama mkwe, na Absalom akatoka hapo bila kumaliza chai.

Safari ya kwanza na injini hiyo mpya, ilinoki, ikagonga na kukwama katikati ya ghuba. Wabwire, nahodha, alipeperushwa na abiria wake, Milka mwenyewe akiwemo, usiku kucha mpaka wavuvi wa kisiwa cha Ndere wakawavuta. Hakufa mtu, ila watu walirudi wamekasirika, wakamtafuta fundi. Absalom hakufungua hata nati moja. Alisimama juu ya jiwe akasema, "Injini haina kosa. Huyu mama aliingia botini akiwa chi liel, akaikalia mashine. Mlitaka iende vipi?"

Nao wakaamini, hilo ndilo lililoniunguza. Wanawake ambao Milka aliwasaidia kuzika watoto wao walisogeza mabeseni yao mbali na lake. Mzee Dalmas, mkubwa wa ufuo, akakata shauri: boti hairudi majini mpaka Milka akubali kurithiwa, na akikataa, boti inakwenda kwa Absalom.

Mimi ningelia. Milka alikuja kwetu na injini juu ya mkokoteni, macho makavu, akamwambia mume wangu Faraji, ambaye kazi yake ni injini za kusagia, "Bwana Faraji, nataka kujua kilichoiua. Kama ni mimi, niambie."

Faraji alianza na vitu vya kawaida. Oili ilikuwa imejaa, tena safi. Njia ya maji ya kupozea haikuziba. Akatoa kichwa cha injini, pistoni haisogei juu wala chini. Alipoigonga ikatoka, akaona ile pini inayoishikilia kwenye mkono wake imeungua mpaka ikawa ya buluu.

"Hii haikupata oili hata kidogo," alisema.

Juu ya mkono wa pistoni kuna tundu dogo. Oili inarushwa kutoka chini, inaingilia hapo, inapita kwenye tundu la bushi, ile pete inayoivaa pini, na kufika kwa pini. Faraji alichomoa kijiti kwenye ufagio wangu akakitia tunduni. Kikagota. Bushi ilikuwa imegongwa imegeuka upande, tundu lake linatazama kando, oili haina pa kupita.

"Alikuwa na haraka," Faraji akasema. "Hakutazama."

Milka alikichukua kile kijiti akakisukuma mwenyewe, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka. Kicheko kile sikukipenda, halafu nikakipenda.

Faraji alichonga bushi nyingine, akaitoboa vizuri, akataka kuiweka. Milka akamzuia. "Hiyo weka mfukoni. Safisha pini, uifunge na bushi yake, vilevile alivyoiweka yeye."

"Milka, mimi sifungi kazi mbovu huku nikijua. Mtu atakufa."

"Hatapanda mtu ila mwenye kazi. Na hatakwenda mbali."

Faraji alikataa mpaka nikaingilia mimi. Nilimwambia, ukiona uchungu juu ya chuma na huoni uchungu juu ya mtu, basi usile kwangu leo. Akaifunga, lakini chakula changu hakukigusa siku hiyo.

Jumamosi asubuhi boti ilikuwa bado ukingoni pale Dunga, injini ikiwa ndani, watu wamejaa. Milka akamwendea Mzee Dalmas. "Mzee, shemeji anasema kosa ni mimi. Basi mimi nitakaa huku juu, siigusi. Aingie peke yake, aende mpaka mwisho wa mafunjo na kurudi. Injini ikimrudisha, boti ni yake. Na mimi pia."

Hilo la mwisho hatukuwa tumeliongea. Mzee Dalmas akakubali, vijana wakaisukuma boti majini.

Faraji akashindwa kuvumilia. "Absalom, ile bushi ya pini imeziba njia ya oili. Njoo nikuonyeshe kabla hujawasha."

Milka alimtupia jicho baya sana. Lakini Absalom alicheka tu. "Fundi wa unga anifundishe boti?" Akapanda, hata kasia hakuchukua.

Injini ilishika mara moja, ikanguruma vizuri kabisa. Alifika mwisho wa mafunjo, akageuza, vijana wakaanza kumpigia mbinja. Milka alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ndipo mlio ukabadilika. Iligonga, ikapiga ukelele wa chuma, ikanyamaza. Mwanamke hakuwemo botini, na kila mtu aliliona hilo.

Upepo ukaanza kumpeleka ghubani. Mzee Dalmas aliwaita vijana wamfuate, lakini Milka tayari alikuwa ndani ya mtumbwi wa Wabwire, nami nyuma yake. Hakuna aliyemwambia ashuke. Bushi nzuri ilikuwa mfukoni mwa Faraji. Jumatatu aliiweka, na injini ile ikamvutia Milka omena miaka mingi.

Tulipomfikia Absalom, Milka alisimama na kamba mkononi. Hakuirusha. Aliikunja yote kiganjani, ili asiweze kuipokea bila kumgusa.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya kufika ufuoni, "huu ni mkono wa chi liel. Unaushika, ama turudi?"

Absalom alitazama watu waliojipanga ukingoni, akatazama maji yaliyokuwa yakipanuka nyuma yake. Akaushika kwa mikono miwili.

Milka hakumwachia kamba. Alibaki amesimama hivyo hivyo, mkono umeshikwa, mpaka ufuo mzima ukaona.