Masikio ya Wade Hruska

Wade Hruska anakata majani kwenye makaburi ya mji wetu, na anayakata vizuri kuliko anavyokata nywele zake mwenyewe. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba utamkuta juu ya ile mashine nyekundu, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, akizunguka kati ya mawe yenye majina ya Kicheki ya babu zetu. Ukitaka kuongea naye usimwite kutoka getini, utakauka koo bure. Pita mbele, mpungie mkono, halafu ongea kwa nguvu. Mji mzima tunajua hivyo. Hata watoto wakimuuzia biskuti za skauti humpigia kelele usoni.

Akizikwa mwanajeshi wa zamani, sisi wa ukumbi wa maveterani huja na bunduki saba tukapiga zile risasi tatu za heshima. Mimi ndiye niliyekuwa natoa amri. Nami kwa miaka mingi nilitoa amri hiyo nikijua kwamba nyuma ya banda la vifaa Wade amezima mashine, amevua kofia, na amesimama wima mahali ambapo hakuna anayemwona. Hakuruhusiwa kusimama nasi. Karatasi yake ya kuachishwa jeshi ilikuwa na maneno mabaya, na yangu ina maneno mazuri. Kama duniani kuna haki, mimi ndiye ningekuwa nyuma ya banda.

Mniache niseme kwa utaratibu, maana nikiharakisha nitajipendelea.

Tulijiandikisha pamoja, juma moja baada ya kumaliza shule. Wade alikuwa kijana wa wafuga nguruwe, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Tukapelekwa kikosi cha mizinga, mzinga mmoja. Yeye alikuwa wa kupakia makombora. Mtu wa kupakia anakaa karibu na ule mlio kuliko wote, na baada ya miaka miwili sikio lake la kushoto likaanza kuvuma mchana kutwa. Akaniambia mimi peke yangu.

"Nenda zahanati," nikamwambia.

"Niende niitwe komando wa zahanati? Toka hapa!"

Kwetu pale hakuna jina baya kuliko hilo. Mwizi walimsamehe, mlevi walimnunulia nyingine, lakini aliyekwenda kwa daktari juma la kabla ya safari, huyo walimwimbia nyimbo. Na safari ilikuwa imefika. Kikosi kizima kilikuwa kinapelekwa vitani, na kila mtu lazima apimwe masikio kwanza.

Wanakupima sita sita. Mnakaa kwenye kachumba ka vioo, spika masikioni, kitufe mkononi, na kila ukisikia mlio unabonyeza. Wade alikaa kulia kwangu. Mimi nikaweka mkono wangu juu ya goti, pale anapoweza kuona kidole gumba. Kila nilipobonyeza, akabonyeza. Tulitoka tumekufa kwa kicheko. Karatasi yake ikaandikwa kwamba masikio ni mazima kabisa, kama ya mtoto mchanga. Mpango ulikuwa wangu, si wake.

Huko tulikokwenda ndiko masikio yalikokwisha. Nikamfundisha ujanja wa pili: usiposikia, tabasamu useme "Ndiyo, afande," halafu niangalie mimi. Nikitikisa kichwa kukubali, twende. Nikikaa kimya, kaa. Tuliishi hivyo miezi, ila sikuwa kila mahali alipo Wade. Mara ya kwanza aliambiwa azime gari, hakuzima. Mara ya pili aliambiwa arudi nyuma, akaenda mbele. Sajini wetu, mtu mwenye hasira za karibu, akaamini anadharauliwa. Mara ya tatu, kule gereji, alimwita kwa nyuma mara nne, akaona anapuuzwa, akamkamata shingoni. Wade akageuka na spana mkononi. Jino la sajini likaenda.

Kisha akanywa. Kisha akatoroka kambini siku tisa. Sisemi hakukosa. Alikosa, na yeye mwenyewe anasema alikosa.

Kapteni wa uchunguzi akaniita ofisini. Akaniuliza swali moja tu la maana: "Huyu Hruska, anasikia vizuri au ana tatizo?"

Juma lile jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Nikisema hasikii, swali la pili lingekuwa, basi alipitaje kipimo? Nikasema, "Anasikia vizuri, afande. Hataki tu." Nikapewa karatasi, nikasaini. Siku kumi na mbili baadaye nikashonewa cheo begani, na Wade akarudishwa nyumbani bila heshima. Nilimsaidia kufunga begi. Eti nilimsaidia!

Sasa njoo mwaka wa kumi na nne. Nina gereji ya matrekta. Asubuhi moja mke wake, Janelle, akaingia na bahasha nene ya faili la jeshi, akaiweka juu ya injini niliyokuwa naifungua.

"Shemeji, Wade anakata rufaa. Nimemlazimisha. Mwisho ni miaka kumi na mitano. Mwaka mmoja ukipita, mlango unafungwa."

"Vizuri sana, shem."

"Hospitali ya maveterani haimpokei kwa sababu ya ile karatasi. Sikio la kulia nalo linakwenda. Ameacha kuongea mezani, Tobin. Anakula, anatabasamu, anaondoka. Nimeolewa na picha." Akatoa ukurasa mmoja. "Yeye hajawahi kufungua bahasha hii. Mimi nimeifungua. Hii sahihi ni ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze na matrekta yangu yote. Sikuweza hata kufuta grisi mikononi.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka uandike barua. Useme kweli."

Nilimaliza majuma matatu nikiiandika. Ilipotoka ilikuwa barua ya mwoga: *Nakumbuka mara nyingine ilionekana kana kwamba hasikii sawasawa.* Mara nyingine! Ilionekana! Kidole gumba sikukitaja. Cheo sikukitaja. Janelle akaisoma mbele yangu, akaikunja, akasema asante kama mtu aliyepewa sahani tupu. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita mbali na nyumba yao.

Rufaa ikasikilizwa Machi, kwa video, katika chumba cha juu cha mahakama ya wilaya. Nilikwenda kama shahidi, tukasafiri wote kwa gari langu. Wade alivaa suti ya harusi yake, imembana tumboni. Kisha nikaona masikioni hana kitu. Siku zote alivaa vile vifaa vya kusikilizia vya bei ya chini alivyoagiza kwa posta, vinavyopiga mluzi.

"Viko wapi?" Janelle akamuuliza, akionyesha sikio.

"Kwenye gari. Siwezi kwenda mbele ya maofisa na madude masikioni. Wataniona mgonjwa."

"Wade! Tumekuja hapa uonekane mgonjwa!"

Akatabasamu. Hakuwa amesikia. Janelle akataka kukimbilia gari, lakini skrini ikawaka, na maofisa watano wa bodi wakawa wameshakaa wanatuangalia.

Mwenyekiti alikuwa kanali, mama wa makamo, sauti yake ya upole na ya chini. Picha ilikuwa inakwama kwama. Mdomo ukifunguka, neno limeshapita. Wade husoma midomo, lakini pale hakukuwa na mdomo wa kusoma. Nikaona anaanza kunitazama mimi, nilipokaa pembeni yake, na mkono wangu uko juu ya goti.

"Bwana Hruska, umeapa kusema kweli?"

Nikatikisa kichwa. Wallahi sikukusudia. Kichwa kilijitikisa chenyewe, mazoea ya zamani.

"Ndiyo, mama," Wade akasema.

"Na umesoma maelezo yote yaliyomo kwenye faili?"

Nikatikisa tena. "Ndiyo, mama."

Nilielewa ninachofanya. Nilikuwa nampitisha kipimo kwa mara ya pili. Watu watano walikuwa wanaangalia kama mtu huyu anasikia au hasikii, na mimi nikawa namsikizisha. Nikaficha mikono chini ya meza. Nikakaza shingo, nikatazama ukuta.

Kanali akafungua karatasi. "Siku ile ya tukio gereji, sajini alikuita mara nne. Ulimsikia, ukaamua kwa makusudi kutomtii?"

Wade akanitazama. Nikatazama ukuta. Akasubiri kidogo. Kisha akatoa lile tabasamu nililomfundisha mimi, pana, la adabu, akasema kwa sauti kubwa:

"Ndiyo, mama."

Janelle akashika kinywa. Afisa mmoja akaanza kuandika. Kanali akasema, "Una uhakika, bwana Hruska?" Na Wade, bado anatabasamu, "Ndiyo, mama."

Nikasimama. Kiti kikaanguka.

"Hajakusikia, afande! Hajasikia hata moja tangu mmekaa hapo. Anasema ndiyo kwa kila kitu, ukimuuliza kama ameiba jua atasema ndiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha!"

Wakaniambia nikae. Sikukaa. Nikasema yote: kachumba, kidole gumba, kapteni, orodha ya vyeo. Nikasema ile karatasi yenye sahihi yangu ni ya uongo na ile barua yangu ni ya uongo nusu, ambao ni mbaya zaidi. Nilikuwa nalia, mtu mzima wa miaka thelathini na saba, kamasi na kila kitu. Wade alikuwa anageuza uso, mimi, skrini, mkewe, mimi, bado ana lile tabasamu lakini limeanza kumtoka.

Kanali akamwambia Janelle achukue karatasi, awe anamwandikia maswali. Wakaanza upya. Safari hii Wade alisoma, akafikiri, akajibu. Walipomuuliza kuhusu sajini, akasema, "Sikumsikia. Lakini nilijua ni binadamu nilipompiga. Hilo nimelibeba."

Baadaye Janelle alikwenda kutafuta kahawa, tukabaki wawili kwenye gari langu. Nikamgeukia, nikafungua mdomo mpana kama kawaida.

"Wade. Kuna kitu sikuwahi kukuambia. Siku ile ya kapteni..."

"Najua."

"Hujui."

"Nilikuwa kwenye benchi, nje. Mlango ulikuwa wa kioo." Akagusa midomo yake. "*Anasikia vizuri, afande.* Wewe ukiongea unapanua mdomo kama samaki, Tobin. Nani atakosa kukusoma?"

Miaka kumi na minne! Kumbe alinisoma. Nilipomfungia begi alijua. Nilipomletea bia alijua. Kila nilipotoa amri ya kupiga risasi, yule aliyesimama nyuma ya banda alijua.

"Mbona hukusema?"

Akatazama nje ya dirisha. "Ningesema nini? Mtu nilikuwa nimeshampasua mdomo. Jino lile halikung'olewa na wewe. Na kikosi kizima, wewe peke yako ulikuwa unaniangalia usoni ukiongea. Ningekupoteza na wewe, ningeongea na nani?"

Niliwasha gari, nikazima. Janelle akaja na kahawa, tukarudi nyumbani.

Barua ya bodi ilifika Agosti. Walisema makosa ni makosa, hawayafuti, lakini wamebadilisha maneno ya karatasi. Heshima, ila kwa shingo upande. Ilitosha kufungua mlango wa hospitali. Mimi nikasimama kwenye ukumbi wetu mbele ya wenzangu wa bunduki nikawaeleza kila kitu, nikaweka kitambaa cha ukamanda mezani. Hakuna aliyekichukua na hakuna aliyenirudishia. Bado kiko kwenye kabati la vikombe. Siku hizi anatoa amri mzee Ardell, ambaye anakohoa katikati.

Septemba tulimzika mmoja wa wazee wetu. Nilisimama mwisho wa mstari. Wade alizima mashine, na safari hii hakwenda nyuma ya banda. Alivua kofia akaja akasimama karibu nami, na masikioni alikuwa na vifaa vipya, vidogo kama maharagwe. Risasi zilipolia akashtuka, kila moja.

Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata, nikasimama mbele yake kama kawaida, nikapanua mdomo.

"WADE! UMEZISIKIA?"

Akaruka nyuma, mikono masikioni. "Ala! Punguza sauti, wewe! Mbona unanipigia kelele?"

Watu wote wakaangua kicheko, Janelle naye. Mimi nilishindwa kucheka. Kila siku ya Mungu, kwa miaka mingi, mbele ya mji mzima, nilimpigia kelele mtu huyu ili anisikie. Na muda wote huo, kwenye faili la jeshi, kulikuwa na sahihi yangu inayosema anasikia vizuri.

Alikuwa ameshanipa mgongo, anainama kuwasha mashine yake. Nikasema kwa sauti ya chini, ile ambayo sikuwahi kuitumia kwake:

"Nisamehe."

Hakugeuka kuniangalia midomo. Mkono wake ukasimama juu ya ufunguo.

"Nimesikia," akasema, akawasha mashine.