Chungu cha Nne

Juzi mvua ilinyesha, harufu ya udongo mbichi ikaingia hadi jikoni kwangu, nikakasirika upya kana kwamba bado niko darasani Kitale, tope limenipanda hadi viwikoni.

Vyungu vyangu vilikuwa vinapasuka. Mwalimu alitusomea ufinyanzi kutoka kitabuni, yeye mwenyewe hagusi udongo, asije akachafua tai. Nilifuata kila neno. Cha kwanza kilipasuka juani, cha pili motoni, na cha tatu kililipuka kikavunja na vya wenzangu wawili. Darasa zima likaninunia.

Likizo fupi nikaenda Kabuchai kwa kukhu, nyanya yangu, ambaye watu walitoka hata Bungoma mjini kuja kununua vyungu vyake. Nikamlilia. Akanifinyangia kimoja kidogo, chembamba, ambacho ukikigonga kinalia kama kengele.

Mwalimu alikizungusha mara moja tu. "Mdomo umepinda. Si nilisema mfuate kitabu? Nne kwa kumi."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningesema nini, na nilikuwa nimeapa mbele ya wote kwamba ni kazi ya mikono yangu? Nikarudi kuketi nikisaga meno.

Likizo iliyofuata kukhu alinipokea mlangoni, hata mfuko sijatua.

"Mwalimu alitupatia ngapi?"

"Tisa," nikasema.

Akajifuta udongo mikononi kwa leso.

"Na hiyo moja, alitunyima kwa nini?"