Kinanda Ambacho Neville Hajakimaliza

Neville Tranter alikuwa na wivu wa kumkondesha mtu, na wala hakuna aliyemnyang'anya kitu. Wenzake wa chama cha wapenda vinanda vya tepe, pale Birmingham, walimjua kwa mipango. Vinanda hivyo vya zamani kila kitufe kina utepe wake: ukibonyeza, utepe unavutwa, sauti iliyorekodiwa inalia sekunde nane, kisha unarudi ulikotoka. Neville alitaka kuunda kipya, chepesi, mtu akibebe kwapani, kwa kutumia redio kaseti mbovu. Akachora, akafuta, akachora tena. Mwaka huu mota hazimridhishi, mwaka ujao ni springi. Banda la nyuma lilijaa kaseti mpaka baiskeli ya mkewe, Glenys, ikahamia sebuleni.

Halafu akatokea Rodney Pugh, fundi wa lifti aliyejiunga na chama juzijuzi tu, akaunda chake. Kibaya, kimeungwaungwa kwa gundi ya karatasi, lakini kinalia. Neville alipopata habari, hata chakula hakikushuka.

Siku ya maonyesho, katika ukumbi wa kanisa, alishika kikombe cha chai akakikagua kinanda kile akitafuta kasoro. Alizipata tele.

"Mota yako inanguruma kama friji bovu," akasema.

"Kweli kabisa, mzee wangu," Rodney akacheka. "Chako kiko wapi tulinganishe?"

Watu wakaangua kicheko. Neville, uso umemwiva, akabonyeza kitufe ili tu aonekane ana shughuli.

Ndani ya kinanda, mwanamke akavuta pumzi, kisha akaimba "aaa" ndefu, laini. Neville aliijua pumzi ile, maana kila siku inalala ubavuni pake. Akabonyeza cha pili, cha tatu. Kote ni Glenys. Wivu wake sasa haukuwa wa mota tena.

Akamwendea Glenys, aliyekuwa kwenye meza ya chai, anakata keki.

"Umemwimbia Rodney?"

"Nimemwimbia. Baada ya mazoezi ya kwaya. Nilikwambia, ukaniitikia 'mmh', uko na waya zako."

"Kwa nini yeye? Unajua nimehangaika na sauti miaka yote hii! Nimerekodi filimbi, nimerekodi mpaka geti letu!"

"Geti nimelisikia sana," Glenys akasema, kisu hakisimami. "Yeye aliniomba, Nev. Basi."

Neville bado alikuwa na hasira, ila hakumwona wa kumshushia zaidi ya yeye mwenyewe. Akarudi kwenye kinanda amsikie mkewe tena. Watu walishajaa, na alipojaribu kupenya, mama mmoja akamshika mkono.

"Foleni, bwana. Sote tunataka kumsikia."

Neville akaenda kusimama mwisho wa mstari.