Oili ya Rangi ya Chai

Juzi, kwenye gereji moja Mbinga mjini, niliona fundi akichomoa stiki ya kupimia oili kwenye pikapu ya dizeli. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, nikakumbuka alasiri moja nyumbani Mpepai.

Pikapu ya baba, iliyotubebea kahawa, ilikuwa imezimika uani. Palinuka dizeli na maji ya moto. Fundi tuliyemwita alipochomoa stiki ikiwa na rangi hiyo, nilimgeukia baba mdogo, ambaye asubuhi alikunywa chai mle garini.

“Wewe ndiye uliyeimwagia chai.”

“Mimi chai huwa simwagi, mwanangu,” alisema, yeye na baba wakacheka.

Fundi hakucheka. “Maji yameingia kwenye oili. Bloku ya injini imepasuka, mzee. Hili sasa ni chuma chakavu.”

“Mbona injini hujaifungua?” baba aliuliza.

“Nikufungulie ya nini, nikuongezee hasara?”

Siku hizi najua kwamba hata gasketi iliyoungua, kile kizibo chembamba cha kati ya vipande vya injini, huleta rangi ileile, na gasketi hubadilishwa. Bila kufungua injini, huwezi kujua kama ni gasketi au bloku. Lakini jioni ile baba alimruhusu fundi aivute pikapu yetu kwa kamba, aondoke nayo kama chuma chakavu, na mama akampa mkungu wa ndizi, kumshukuru kwa kutuambia ukweli mapema.